Muuguzi Mmoja, Shule Nne, Mwezi Mmoja: Kisa cha Lillian Wald na Watoto Waliorudishwa Nyumbani

Mwaka 1902, mitaa ya mashariki ya chini ya Manhattan ilijaa watoto barabarani saa za masomo. Hawakuwa watoro. Walikuwa wamerudishwa nyumbani na daktari wa shule: huyu macho yamevimba yanatoa usaha, yule ana mashilingi, yaani vidonda vya fangasi, kichwani, mwingine kakutwa na chawa. Kengele ya alasiri ilipolia, wenzao waliobaki darasani walitoka, wakawakuta palepale barabarani, wakacheza nao hadi giza likaingia. Ugonjwa uliozuiwa mlangoni mwa darasa ulipitia barabarani ukaingia tena.

Muuguzi Lillian Wald aliishi katikati ya mitaa hiyo, Henry Street nambari 265, na hali hii ilikuwa ikipita mbele ya nyumba yake kila siku. Alikuwa na miaka 35. Jambo alilolifanya mwezi wa Oktoba mwaka ule ndilo kisa ninachotaka kukichambua, kwa sababu ukilielewa hilo umeelewa karibu kila kitu alichofanya maishani. Wengi wanaomwandika humsifu kwa huruma. Huruma alikuwa nayo, lakini New York ya zama zile haikupungukiwa na watu wenye huruma na vikapu vya sadaka. Aliyekuwa adimu ni mtu wa kuuliza, kabla hajaanza kusaidia, nani atalipa mwezi unaofuata.

Mwalimu wa kutandika kitanda

Wald alizaliwa Cincinnati, Ohio, tarehe 10 Machi 1867, katika familia ya Wayahudi wenye asili ya Ujerumani, akakulia Rochester ambako baba yake alikuwa mfanyabiashara wa miwani na vifaa vya macho. Hakuijua njaa. Akiwa na miaka 16 aliomba nafasi katika chuo cha Vassar, akakataliwa kwa sababu ya umri. Mwaka 1889 akaingia shule ya uuguzi ya New York Hospital, akahitimu 1891, akafanya kazi kwa muda katika makao ya watoto, kisha akaanza kusomea udaktari. Hadi hapo ni maisha ya msichana mwerevu wa tabaka la kati anayetafuta la kufanya.

Mwanzoni mwa 1893, akiwa bado chuoni, alikuwa akiwafundisha wanawake wahamiaji namna ya kuuguza mgonjwa nyumbani. Asubuhi moja ya Machi, mvua ikinyunya, somo lilikuwa kutandika kitanda cha mgonjwa. Akaingia binti mdogo akaomba msaada: mama yake mgonjwa. Wald akachukua mashuka ya darasani akamfuata. Walipita kwenye lami iliyobomoka, malundo ya taka, ua wenye vyoo visivyo na milango, wakapanda ngazi zenye utelezi wa uchafu hadi nyumba ya nyuma. Familia ya watu saba ilibanana katika vyumba viwili pamoja na wapangaji waliopokelewa ili kodi ipatikane. Baba alikuwa kilema, akiomba barabarani. Mama alikuwa amelala kwenye kitanda chenye damu ya uzazi iliyokwishakauka, ya siku mbili.

Wald akamwosha, akabadilisha matandiko, akasafisha chumba. Kwa hiyo somo la kutandika kitanda lilikamilishwa, ila si mahali lilipopangwa. Alipoondoka familia ilimbusu mikono, na yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba shukrani hiyo ilimtia aibu, kwa sababu alijiona ni mmoja wa jamii iliyoruhusu hali ile iwepo. Masomo ya udaktari akayaacha.

Nimekaa hapa kwa makusudi. Mwanafunzi wa udaktari angeweza kuona katika chumba kile sababu ya kuharakisha shahada. Wald aliona kinyume chake. Mahitaji ya mama yule siku ile yalikuwa maji ya moto, shuka safi, na mtu wa kurudi kesho kumtazama. Tofauti hiyo kati ya kuugundua ugonjwa na kumshughulikia mgonjwa ndiyo itakayorudi miaka tisa baadaye ndani ya shule.

Pamoja na muuguzi mwenzake, Mary Brewster, alihamia mtaa uleule wa wagonjwa. Walianza katika nyumba ya kijamii ya Rivington Street, kisha wakapanga juu kabisa ya jengo la Jefferson Street. Mwaka 1893 ulikuwa mwaka wa anguko la uchumi Marekani, na wagonjwa hawakuwa wa kutafuta. Fedha zilitoka kwa Betty Loeb na mwekezaji Jacob Schiff: dola 60 kwa mwezi kwa kila muuguzi. Kila mwezi Wald alimwandikia Schiff taarifa ya wagonjwa waliowaona na walichowafanyia. Mazoea hayo ya kuandika hesabu ya kazi yake, hata kwa rafiki, yatamfaa sana huko mbele. Mwaka 1895 Schiff alimnunulia nyumba ya Henry Street, ikaitwa makazi ya wauguzi.

Kuna kitu kingine cha mwaka ule wa kwanza, 1893, ambacho wengi hukiruka. Wald aliiomba bodi ya afya ya jiji iwape beji yenye kuonyesha kwamba wanatembelea wagonjwa kwa idhini ya bodi. Wakapewa. Jiji halikutoa hata senti, lakini tangu siku hiyo muuguzi aliyekuwa akibisha mlango alikuwa amevaa jina la jiji. Alibuni pia jina la kazi yenyewe, muuguzi wa afya ya umma, wakati ambapo wengine bado walisema muuguzi wa masikini. Mgonjwa au jirani yake aliweza kumwita moja kwa moja bila barua ya daktari wala ya kasisi, na mwenye uwezo alilipa senti 10 hadi 25 ili asijione ombaomba. Asiye nazo hakudaiwa.

Madaktari walikuwepo

Turudi shuleni. Mtu anaweza kudhani watoto wale walikosa madaktari. Sivyo, na hapa ndipo utamu wa kisa unapoanza.

Hapo awali kweli hawakuwepo. Katika miaka yao ya kwanza mtaani, wauguzi walikutana na mvulana wa miaka 12 aitwaye Louis, ambaye hakujua kusoma wala kuandika kwa sababu kila alipokwenda shule alirudishwa: kichwa kilikuwa na vidonda. Mama yake hakuwa mzembe. Alikuwa ameshampeleka zahanati akapewa dawa ya kupaka. Kilichokosekana ni mtu wa kuisimamia dawa ile, siku baada ya siku, mpaka kichwa kipone. Wauguzi waliisimamia, kichwa kikapona, Louis akaingia shule. Dawa ya kupaka ilimgharimu mvulana huyu miaka yote ya shule ya msingi.

Mwaka 1897 jiji la New York liliajiri madaktari 150 wa kukagua shule. Kila mmoja alifanya kazi saa moja kwa siku, kwa dola 30 kwa mwezi. Kazi yao ilikuwa kuangalia dalili za magonjwa ya kuambukiza na kumtoa darasani kila anayetiliwa shaka. Ukimpa mtu saa moja na mamia ya watoto, atakagua kwa jicho la haraka, na ndivyo walivyofanya. Mpango ulikuwepo kwenye karatasi, shuleni haukuhisika.

Kisha mwaka 1902 serikali ya jiji ikabadilika. Meya Seth Low aliingia na watu wa mageuzi, na kamishna wa afya akawa Ernst Lederle, mtu aliyelichukulia jambo la watoto kwa uzito. Madaktari wakapunguzwa idadi, mshahara ukapandishwa hadi dola 100, saa zikawa tatu kwa siku. Lederle akaamuru watoto wote wa shule za umma wachunguzwe. Na ukaguzi ulipofanywa kwa bidii, jiji likashtuka: trakoma, ule ugonjwa wa macho ambao usipotibiwa huishia upofu, ilikuwa imeenea. Maelfu ya watoto wakatolewa madarasani.

Tazama lilipo fumbo. Mpango mbovu wa 1897 ulikuwa umewaacha watoto darasani. Mpango mzuri wa 1902 uliwatoa. Kadiri madaktari walivyofanya kazi vizuri zaidi, ndivyo madarasa yalivyozidi kuwa matupu, na hakuna aliyekuwa akipona, maana mtoto alipotoka kwenye lango la shule alitoka pia mikononi mwa kila mtu mwenye dhamana naye. Daktari alilipwa aone. Mwalimu alilipwa afundishe aliyeketi mbele yake. Mjumbe wa utoro alifuatilia watoro, na huyu hakuwa mtoro, alikuwa na ruhusa. Idara mbili zilitimiza wajibu wao kikamilifu, na katikati yao kulikuwa na shimo la ukubwa wa mtoto.

Upande wa nyumbani nao ulikuwa na mantiki yake. Mtoto anafika na karatasi ya Kiingereza. Mama anasoma Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, au hasomi kabisa. Yupo kwenye cherehani, anashona kwa malipo ya kipande, na kupoteza siku kwenye foleni ya zahanati ni kupoteza mkate wa siku hiyo. Zaidi ya hapo, mtoto haumwi kitandani. Anakimbia, anacheka, anakula. Macho mekundu? Kila mtoto wa jengo hili ana macho mekundu. Na mtoto mkubwa aliyerudishwa ana faida: atambeba mdogo wake. Sioni uzembe hapo, naona hesabu za mtu mwenye siku moja tu ya kutumia.

Mkopo wenye sharti

Wald alikwenda kwa wakuu wa jiji na pendekezo dogo kiasi kwamba kulikataa kungehitaji kujieleza. Angewaazima muuguzi mmoja kutoka Henry Street kwa mwezi mmoja. Mshahara jiji lisingelipa. Shule zichaguliwe nne, na ziwe zile zenye idadi kubwa kuliko zote ya watoto waliorudishwa kwa sababu za kiafya. Alidai kwamba muuguzi huyo ataonyesha mambo mawili: watoto wachache zaidi watapoteza masomo, na wanaohitaji matibabu watafikishwa kwenye matibabu.

Kabla muuguzi hajatoka nyumbani, Wald alidai ahadi. Maofisa kadhaa wa jiji walitakiwa kukubali kwamba jaribio likifaulu, watatumia ushawishi wao ili muuguzi, kama daktari, alipwe kutoka hazina ya umma.

Nauona huu kuwa moyo wa kisa chote. Alikuwa na Schiff, alikuwa na marafiki matajiri, na angeweza kabisa kuchangisha fedha za kuweka wauguzi wa hisani katika shule kumi. London ilikuwa na wauguzi wa shule wa namna hiyo tangu miaka ya 1890, wakilipwa na wahisani. Njia hiyo ni ya haraka na ina picha nzuri. Ila mhisani akifa, au akichoka, au soko la hisa likianguka, muuguzi huondoka na mtoto hana wa kumdai. Wald alitaka mtoto awe na wa kumdai.

Kuchagua shule mbaya kuliko zote nako kulikuwa na akili. Mtu anayetaka kufaulu jaribio kwa urahisi hutafuta shule tulivu. Lakini pale matokeo yangekuwa madogo, na mkosoaji angesema zile zilikuwa shule nzuri tangu mwanzo. Shule mbaya zilikuwa na nafasi kubwa ya kuboreka, na hakuna ambaye angeweza kusema zilichaguliwa kwa upendeleo.

Aliyetumwa ni Lina Rogers, Mkanada aliyesomea uuguzi katika hospitali ya watoto ya Toronto. Sifa alizotakiwa kuwa nazo zilikuwa uzoefu, busara ya kusema na watu, na uwezo wa kujiongoza bila kungoja amri. Kwa hili la mwisho, ofisi yake ingemtosha kuwa mtihani.

Kingo ya dirisha

Ofisi haikuwepo. Katika baadhi ya shule Rogers alipewa kona ya chumba, katika nyingine kingo ya dirisha tu. Juu ya kingo hiyo aliweka mkoba uleule ambao wauguzi wa Henry Street walibeba wakipanda ngazi za majengo. Hivyo ndivyo ilivyoanza huduma ya uuguzi wa shule ambayo baadaye ingekuwa ya kwanza kulipiwa na jiji: mkoba juu ya kingo ya dirisha, na foleni ya watoto.

Utaratibu ulikuwa huu. Daktari aliwakagua watoto kama kawaida, lakini badala ya kumrudisha nyumbani kila mwenye dalili, alimpeleka kwa muuguzi. Na karatasi aliyompa haikutaja ugonjwa. Iliandikwa alama za siri ambazo daktari na muuguzi tu walizielewa, ili mtoto mwenye chawa asitembee darasani na neno chawa mkononi. Nimeisoma sehemu hii mara kadhaa na kila mara hunisimamisha. Watu waliokuwa wakikimbizana na maelfu ya wagonjwa walitenga muda wa kutunga alama kwa ajili ya fedheha ya mtoto wa miaka minane. Lakini si upole mtupu. Mtoto aliyefedheheshwa huificha karatasi, na karatasi iliyofichwa haitibu.

Mbele ya dirisha, kazi nyingi zilikwisha kwa dakika chache. Macho yalioshwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Mashilingi yalipakwa kolodioni, dawa ya majimaji inayokauka na kuwa utando juu ya ngozi, ili yasimguse mwingine. Aliyekuwa mchafu alielekezwa namna ya kunawa. Kisha mtoto akarudi darasani, hesabu ikiwa bado ubaoni. Kabla ya mwezi huo angekuwa ameishia barabarani kwa wiki kadhaa.

Waliobaki ndio waliomtoa Rogers shuleni. Alasiri alipanda ngazi za majengo akabisha mlango wa nyumbani, akamweleza mama kile daktari alichokiona na kinachotakiwa kufanywa. Familia yenye daktari wake ilihimizwa imwone. Isiyo na uwezo ilielekezwa zahanati, siku na saa za kufunguliwa. Mama aliyekuwa kazini na asiye na wa kumtuma, Rogers alimchukua mtoto akampeleka mwenyewe. Na pale ambapo maelezo hayakutosha, alikunja mikono ya gauni akamwosha mtoto kichwa mbele ya mama yake, ili kesho mama aweze. Hilo ndilo somo la kutandika kitanda la mwaka 1893, limerudi.

Mwezi ulipokwisha, daftari lilionyesha wanafunzi 893 waliohudumiwa shuleni na nyumba 137 zilizotembelewa. Ukigawa kwa siku za shule za Oktoba ile, ni kama watoto 39 kila siku na milango sita kila alasiri, kwa mtu mmoja, kwa miguu, kati ya shule nne. Walikuwemo pia watoto 25 ambao hawakuwa wamepata matibabu yoyote, wakatibiwa wakarudi darasani.

Jiji lilitimiza ahadi, na haraka. Bodi ya bajeti ilitenga dola 30,000 kwa ajili ya wauguzi wa shule, wa kwanza kulipwa na jiji popote. Wakaajiriwa wauguzi 12, Rogers akawa kiongozi wao.

Tarakimu inayonukuliwa kupita kiasi

Kuna namba moja ambayo kila anayesimulia kisa hiki huitoa kama ushahidi wa mwisho. Septemba 1902 watoto 10,567 walirudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya. Septemba 1903 idadi ilikuwa 1,101. Upungufu wa karibu asilimia 90 ndani ya mwaka mmoja.

Namba ni ya kweli, ila iulizwe inapima nini. Inapima watoto waliotolewa darasani, haipimi watoto waliokuwa na chawa. Muuguzi alipofika, kanuni yenyewe ya kumtoa mtoto ilibadilika: mwenye mashilingi aliyepakwa dawa alibaki, na kabla ya hapo angeondoka. Kwa hiyo hata kama vichwa vingebaki na idadi ileile ya mashilingi, safu ya waliorudishwa ingeshuka. Anayesema afya ya watoto iliboreka kwa asilimia 90 anaisemea namba kitu ambacho haisemi.

Naona bado ni ushindi, na pengine mkubwa kuliko unavyodaiwa. Wald hakuahidi kufuta magonjwa kwa mwezi mmoja. Trakoma ya zama zile, kabla ya viuavijasumu, ilitibiwa kwa miezi mingi na maumivu mengi, na muuguzi mwenye mkoba hakuwa na la kuibadilisha. Aliahidi kwamba watoto hawatapoteza masomo bure. Aliahidi kitu kinachohesabika, alichokuwa na uwezo nacho, na ambacho maofisa wenyewe walikuwa wakikihesabu tayari katika madaftari yao. Hivyo hawakuhitaji kumwamini. Walihitaji kusoma safu yao wenyewe.

Zile nyumba 137 zilizotembelewa hazina umaarufu wa namba ile, na nadhani hapo ndipo kazi ilipokuwa. Ushahidi ulikuja miaka minne baadaye kwa njia mbaya. Mwaka 1906 madaktari walifanya upasuaji wa kuondoa tezi za nyuma ya pua kwa watoto wa shule ya mtaa uleule, ndani ya shule, baada ya wazazi kutia saini karatasi za ridhaa. Kitabibu ilikuwa shughuli ya kawaida ya enzi hizo. Lakini watoto walirudi nyumbani na damu midomoni, na mwezi wa Juni uvumi ukawaka mtaani kwamba madaktari wanawachinja watoto. Akina mama kwa maelfu, wengi wao waliokimbia mauaji ya Wayahudi katika himaya ya Urusi na wasio na sababu ya kuiamini serikali yoyote, walizingira shule, wakavunja madirisha, wakadai watoto wao. Saini zilikuwepo. Mtu wa kukaa jikoni na mama, akamweleza kwa lugha yake damu itatoka wapi na kwa nini, saini haikuweza kuwa badala yake.

Funguo ileile, makufuli mengine

Baada ya 1902 Wald alirudia mbinu hiyo karibu neno kwa neno. Mwaka 1909 alizungumza na Lee Frankel wa kampuni ya bima ya maisha ya Metropolitan Life. Wateja wa kampuni walikuwa wafanyakazi waliolipa senti chache kila wiki, na kila aliyekufa mapema aliigharimu kampuni. Wald akapendekeza wauguzi wa Henry Street wawatembelee wateja wagonjwa katika eneo moja la jiji, kwa majaribio, kampuni ikilipa kwa kila ziara. Faida ikaonekana kwenye madaftari ya kampuni, na huduma ikaenea miji mingi ya Marekani na Kanada. Kufikia 1913 Henry Street ilikuwa na wauguzi 92 na ziara kama 200,000 kwa mwaka.

Si kila kufuli lilifunguka. Wazo la ofisi ya taifa ya watoto, alilolianzisha na mtetezi wa haki za watoto na wafanyakazi, Florence Kelley, mwaka 1903, halikuwa la kujaribiwa kwa mwezi mmoja katika shule nne. Bunge halina kingo ya dirisha. Ilibidi miaka tisa ya barua, mikutano na safari za Washington hadi sheria ikasainiwa mwaka 1912, Julia Lathrop akawa mkuu wa kwanza. Na katika vita vya kwanza vya dunia, Wald alipoongoza umoja wa wapinga vita, baadhi ya wafadhili walimpa mgongo. Mtu aliyejua hatari ya kutegemea hisani aliionja mwenyewe, kwani nyumba ya Henry Street bado ilitegemea hisani.

Mwaka 1906 aliajiri Elizabeth Tyler, muuguzi wa kwanza mweusi wa Henry Street. Tyler alipewa kazi bila orodha ya wagonjwa, basi akaenda jengo kwa jengo akiwauliza walinzi wa majengo ni mlango gani una mgonjwa. Kazi yake ilizaa tawi la kuhudumia familia za weusi. Lilikuwa tawi la pembeni, weusi kwa weusi, na ingawa nyumba ya Wald ilifungua milango mwaka 1909 kwa mkutano uliozaa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, mstari huo wa rangi ulibaki ndani ya ratiba ya wauguzi wake.

Lina Rogers alirudi Kanada mwaka 1910 kuanzisha uuguzi wa shule Toronto. Wald alistaafu 1933, akaugua muda mrefu, akafariki Westport, Connecticut, tarehe 1 Septemba 1940. Miaka minne baadaye huduma ya wauguzi ilitenganishwa na nyumba ya Henry Street ikasimama yenyewe.

Huduma ya kampuni ya bima ilidumu hadi 1953. Kufikia hapo magonjwa ya kuambukiza hayakuwa tena yanayoua wateja wengi, wagonjwa walikuwa wakienda hospitali, na gharama ya kila ziara ilikuwa imepanda. Wahasibu walipiga hesabu ileile iliyofanywa mwaka 1909, safari hii jibu likatoka kinyume, na wauguzi wakaondolewa. Wale wa shule, waliokuwa kwenye bajeti ya jiji tangu 1902, walibaki.